Sura ya Tano: Bomba la Mzee Gasto

"Ng'ombe akiibwa anaacha kwato na mavi," alisema Konstebo Kefa wakikata kona ya Utemini. "Bia ikiibwa inaacha nini, afande? Mkojo. Na mkojo hauandikwi jina."

"Funga mdomo, Kefa. Tumefika."

Sajenti Maryam Kitwana wa upelelezi, Singida mjini, hakuwahi kuonja bia tangu azaliwe, wala hakuwa na mpango huo. Alikuwa mtoto wa wenye maduka, ukoo uliopanda kutoka pwani ukapitia Tabora, na kwao pombe haikuvuka kizingiti. Asubuhi ile kesi ilipotua mezani kwake ofisi nzima ilicheka. Jamani, kesi ya bia kapewa Maryam! Naye akajitanda mtandio wake vizuri, akawaambia kwamba daktari wa wendawazimu si lazima awe mwendawazimu. Mama yule alijivunia kazi yake, na mimi simlaumu, kwa sababu alikuwa anaiweza.

Mlalamikaji alikuwa anawasubiri getini, kaki zake zimepigwa pasi mpaka zinasimama. Huyu ni Mzee Gasto Ntandu, aliyekuwa mkuu wa mafundi kwenye karakana ya reli kule Itigi, sasa mstaafu. Watu wa Utemini walimwogopa kidogo, maana alikuwa na tabia ya kukuangalia namna ulivyofunga mlango wako, kisha anaufunga upya yeye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mmekuja na pingu?"

"Tumekuja na macho kwanza."

"Macho!" Mzee aliguna. "Mwizi namjua, analala nyumbani kwangu. Haya, piteni muone kwanza alichoniharibia."

Akawapitisha uani hadi kwenye chumba cha tofali chenye kaunta ya mninga. Nyuma ya kaunta lilisimama friji kuukuu alilolifufua mwenyewe. Ndani ya friji lilikaa pipa la bia, la chuma, na pembeni yake mtungi wa gesi ya kuisukuma bia. Mpira mweupe ulitoka kwenye kichwa cha pipa, ukatoboa mlango wa friji, ukaishia kwenye bomba la shaba lenye mkono wa mti mweusi. Bomba lenyewe liling'aa mpaka Kefa akajiona meno.

"Binti, nikuambie," Mzee Gasto alisema, na sauti yake ikapanda kama ya mtu anayemtaja mwanawe aliyefaulu. "Enzi hizi za ruksa, mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa, klabu yao moja ilinadi vitu vyake. Wenzangu waligombania viti na mapazia. Mimi nikanunua bomba hili, halina mpira hata mmoja mzima ndani, watu wakanicheka. Nikalifungua, nikakata mipira mipya kwa mkono wangu, nikalifunga. Leo mkoa mzima huu ukitaka bia ya bomba nyumbani kwa mtu, unakuja hapa. Siuzi! Nanywa na wastaafu wenzangu. Lori linaniletea pipa kutoka Dodoma, tunakaa hapa Jumamosi tunakunywa kama mabwana."

"Sasa imekuwaje?"

"Imekuwaje? Pipa lilikuwa linatufikisha mpaka lori lirudi. Sasa linakwisha katikati. Na bia yenyewe haina povu, imelala kwenye glasi kama chai ya jana. Juzi mzee mwenzangu kanitania mbele ya watu, eti Gasto unatunywesha mkojo wa punda. Mimi!" Akajipiga kifuani. "Anakinga bia anauza, halafu anajazia maji. Ufunguo wa chumba hiki uko kwangu na kwake tu."

"Kwake nani?"

"Damari. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Nimewaeleza wazee wenzangu wote, na baba yake nimempelekea salamu Mkiwa aje amchukue leo. Anakuja na lori la vitunguu, mchana atakuwa hapa. Na wazee nimewaita washuhudie. Nyinyi mniambie tu kama anaondoka na baba yake au anaondoka na nyinyi."

Mkiwa ni kijiji cha njia panda. Msichana akirudishwa kule na jina la mwizi, madereva watalishusha hilo jina Manyoni na Itigi kabla hajafungua mzigo wake. Sajenti Maryam alilijua hilo. Akaangalia jua, akaona muda hautoshi.

"Naomba nimwone."

Damari alikuja kutoka jikoni na kitambaa mkononi. Alikuwa msichana mrefu, mkavu, mwenye shingo iliyonyooka. Aliwaamkia wote shikamoo kwa adabu kamili, lakini macho hakuyashusha.

"Umeiba bia ya mjomba wako?" Maryam aliuliza.

"Sijaiba."

"Umeijazia maji?"

"Sijajazia."

"Basi inakwenda wapi?"

Hapo msichana akamtupia jicho mjomba wake, akalirudisha upesi. Akaanza kukisokota kile kitambaa.

"Mnaona!" Mzee Gasto alifoka. "Na mumuulize habari za Theresia, jirani yangu wa nyuma. Mpika pombe yule! Kila asubuhi anatoka mlango wangu wa uani na ndoo imefunikwa kanga. Mumuulize ndani ya ndoo kuna nini!"

"Damari, ndani ya ndoo kuna nini?"

Msichana alibana midomo. Kefa akamnong'oneza bosi wake, "Afande, hii imekwisha. Kesi ya kumaliza kabla ya chai."

"Wewe kwako kila kesi ni ya kabla ya chai," Maryam alimjibu. "Njoo hapa. Tuanze na maji."

Akasimama mbele ya friji, mikono nyuma. "Mzee, unasema anajazia maji. Nionyeshe yanapoingilia."

Mzee Gasto akaelekeza kichwa cha pipa.

"Kefa, fungua hapo. Utie maji."

Kefa hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Alishika kikombe cha maji kwa mkono mmoja, kwa mwingine akakinyonga kichwa cha pipa na kubonyeza katikati kwa kidole. Lahaula! Bia ilimruka usoni, ikampiga puani, ikapanda mpaka dari. Mzee Gasto aliruka na spana kukirudisha kichwa mahali pake huku akimtukana kwa Kinyaturu, na nadhani hakuna haja ya kutafsiri. Damari aliziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakimtikisika. Kefa alibaki amesimama, anatiririka, ulimi unazunguka midomo.

"Konstebo, tuko kazini," Maryam alisema.

"Sijanywa, afande. Nimerushiwa."

"Ina maji?"

"Hata tone. Bia kamili hii. Kali."

"Basi pipa linasukuma kutoka ndani. Mtu hawezi kumimina maji kwenye kitu kinachotapika." Akamsogelea Kefa, akamkagua usoni kama anakagua ukuta. "Na hiki kilichokujaa kwenye nyusi ni nini?"

Kefa akajipangusa. "Povu, afande."

"Povu. Mzee Gasto, bia yako ina povu ikiwa kwenye pipa. Naomba sasa ukinge glasi moja kwenye bomba."

Mzee akakinga. Bia ikashuka ya rangi nzuri, ikajaa glasi, ikatulia bapa. Juu yake hapakuwa na povu hata la kufunika kucha.

"Kwa hiyo kinachoua povu kiko kati ya pipa na glasi," Maryam alisema. "Hapo katikati kuna mpira na bomba tu. Damari, niletee unga kidogo, wowote ule."

Akaletewa unga wa uwele kwenye kibakuli. Sajenti alitandaza gazeti kuukuu, akanyunyiza unga mwembamba chini ya kichwa cha pipa, chini ya kila kiungo cha mpira, na chini ya bomba. Kwenye viungo vya gesi akapaka sabuni ya maji kutazama kama gesi inavuja ikatoa viputo, haikutoa. Kisha akafunga friji, akamwambia Mzee Gasto afunge chumba, na funguo zote mbili, wa mzee na wa Damari, azishike Kefa.

"Tunakwenda wapi?" Kefa aliuliza.

"Kwa mwenye ndoo."

Nyumba ya Theresia ilikuwa nyuma tu, ukivuka ua wa minyaa. Mama mnene, mchangamfu, mwenye mitungi ya mtukuru, ile pombe ya kienyeji ya Wanyaturu, imejipanga kivulini, na banda la nguruwe nyuma ya choo. Alipoona askari alikimbilia kusimama mbele ya mitungi.

"Leseni ninayo!"

"Sikufuata leseni, dada. Nimefuata ndoo."

Theresia akakaa chini taratibu, akajipepea na upande wa kanga. "Eh, Mungu wangu. Nilijua tu. Nilimwambia Damari, mwanangu, siku moja hii ndoo itatuletea balaa."

Kefa akatoa pingu nusu kutoka kiunoni. Maryam akamwangalia, naye akazirudisha.

"Ndani ya ndoo kuna nini?"

"Bia."

"Bia ya Mzee Gasto?"

"Ya nani tena? Lakini sikuiba na wala Damari hakuiba! Ni ile inayodondoka, mama askari. Msichana anaweka beseni chini ya lile bomba jioni, asubuhi limejaa. Anapiga deki kabla mzee hajaamka, beseni ananipa mimi kwa ajili ya nguruwe. Binadamu hawezi kuinywa, imelala. Ila nguruwe wangu, nenda kawaangalie! Wamekuwa kama wabunge."

"Kwa nini hakumwambia mjomba wake kwamba bomba linavuja?"

Theresia alimtazama Sajenti kama mtu aliyeuliza kwa nini jua haliwaki usiku. "Amwambie Gasto? Gasto Ntandu? Kwamba kitu alichofunga kwa mkono wake kinavuja? Na ni mjomba wake huyo, mama, kaka wa mama yake mzazi! Sisi hapa mjomba haambiwi hivyo. Hata mimi jirani siwezi."

"Ndoo ya leo ipo?"

Ilikuwepo, bado haijamiminwa. Maryam akaifunua, akaisogeza juani, akachuchumaa. Juu ya bia ile vilielea viduara vidogo vya dhahabu, vinaungana na kuachana, kama juu ya mchuzi wa kuku.

"Ndoo hii unaiosha?"

"Nashukuru kwa matusi," Theresia alisema. "Naiosha kwa majivu na maji moto kila siku. Hayo macho ya mafuta hata mimi nimeyaona, nikashangaa. Nguruwe hawakulalamika, nami nikanyamaza."

Sajenti Maryam alicheka. Alicheka kwa furaha kabisa, akasimama akijipiga vumbi magotini, na Kefa aliyemzoea akajua kwamba bosi kishamkamata mtu, ila hakujua ni nani.

"Kefa, kwenu nani anaosha vyombo?"

"Mke wangu, afande."

"Ndiyo maana hujui kitu. Dada Theresia, nipe maji na sabuni."

Akapiga povu kwenye kibakuli, likapanda likakaa jeupe, zito. Kisha akachovya vidole viwili juu ya ile ndoo, kwenye yale macho ya mafuta, akadondoshea kwenye povu. Povu likaanza kutoboka, likazama, likabaki ukingoni tu.

"Umewahi kuosha sufuria la pilau kwenye maji ya vyombo vyote?" alimuuliza Kefa. "Hata utie mche mzima wa sabuni, mafuta yakiingia, povu halisimami. Mimi bia siijui. Lakini povu nalijua."

Waliporudi, wastaafu walikuwa wameshaanza kufika, wamekaa uani kwenye viti vya kukunja, mikongojo kati ya magoti. Kefa akafungua chumba. Unga wa chini ya pipa ulikuwa mkavu. Wa chini ya viungo vyote ulikuwa mkavu. Wa chini ya bomba ulikuwa umeshakuwa uji.

Mzee Gasto aliutazama ule uji. Akainama, akaugusa, akanusa kidole.

"Hapana," alisema. "Hilo bomba nimelifunga mimi."

"Lifungue, mzee. Wewe ndiye fundi."

Na alikuwa fundi kweli, tumpe haki yake. Alizima gesi, akalegeza, akatoa mkono wa mti, akachomoa kila kipande na kukipanga kwenye kaunta kwa mfululizo wake. Mwishoni akatoa mpira mdogo wa duara, ule unaoziba njia ya bia. Alipoushika ulimbonyea vidoleni. Ulikuwa umevimba, umelainika, kingo zimepinda kama kashata iliyolowa.

"Mpira wa mwanzo ulichakaa, huu nimeukata mwenyewe kwenye tyubu ya baiskeli," alisema taratibu. "Mwezi haujaisha. Tyubu nzuri, mpya. Ulikaa sawasawa, nilipima."

"Nusa."

Akanusa.

"Alizeti," mzee alisema.

"Nani anapaka mafuta ya alizeti kwenye bomba hili?"

"Mimi!" Mzee Gasto alinyoosha mgongo, na wastaafu wakainua vichwa. "Kila jioni, kwa unyoya wa kuku. Mafuta yangu, binti, ya mashine yangu ya kukamua kwa mkono, hakuna safi kuliko hayo. Itigi pale, injini haikutoka stesheni fundi hajapitisha mafuta kila mahali chuma kinaposuguana. Kila mahali! Waulize hawa. Zamu yangu haikukwamisha injini hata moja. Na huyu Damari siku ile aliponiambia, mjomba, bomba linasumbua kidogo, nilifanya nini? Niliongeza mafuta!"

Mzee mmoja uani alikohoa. Mwingine akaangalia kofia yake.

"Mzee wangu," Maryam alisema, na sauti akaishusha, "injini ni chuma kwa chuma. Hapa kuna mpira. Mpira wa tyubu ukinywa mafuta unavimba, unalainika, hauzibi tena. Ndiyo maana bomba linadondosha tone kwa tone, Damari anakinga kwa beseni, na Theresia anawapa nguruwe wake. Na hayo mafuta yanatoka na bia mpaka kwenye glasi, na mafuta yakigusa povu, povu linakufa. Pipa linakwisha mapema, bia imelala. Ulidhani ni makosa mawili ya mtu mmoja. Ni kosa moja, na mtu hayumo."

"Maneno," Mzee Gasto alisema. Lakini alisema kwa sauti ndogo.

"Basi tusitumie maneno. Osha vipande vyote kwa sabuni na maji moto, na mpira wa kupitisha bia pia. Kata mpira mwingine. Usitie mafuta."

Alikata mpira mpya kwa kisu kidogo, amefumba jicho moja, na Damari akaleta maji ya moto bila kuambiwa. Wakaosha, wakasuuza, wakafunga, mzee akafungua gesi. Kefa alikabidhiwa glasi, akaipokea kwa heshima zote. Bomba lilitema mwanzo, likakohoa, likatulia. Bia ikapanda, na juu yake likapanda povu jeupe, nene, likasimama likavuka mdomo wa glasi wala halikushuka.

Uani wakapiga makofi. Hata Maryam ambaye asingeionja hata kwa dawa aliitazama ile glasi akasikia fahari imemjaa, akaona haya kidogo, kisha akaona hakuna sababu ya kuona haya. Akatandaza unga mpya chini ya bomba. Wakasubiri. Unga ukabaki unga.

"Damari," alisema, "nilipokuuliza habari za ndoo, mbona ulinyamaza?"

Msichana alisimama mlangoni. "Ningesema nini, mama? Ningesema inadondoka, ningekuwa nasema mjomba hajui kazi. Nilimwambia mara moja kwa kuzunguka, akazidisha mafuta. Nikaona bora nipige deki."

"Hata baada ya kuitwa mwizi?"

"Nilidhani ataona mwenyewe. Yeye anaona kila kitu."

Mzee Gasto alikuwa ameligeukia bomba, mgongo kwa watu. "Miaka yote hii," alisema, "hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kazi yangu inavuja."

"Ndiyo, mzee," Maryam alimjibu. "Na hilo ndilo lililomponza huyu mtoto."

Nje geti liligongwa. Akaingia mtu mzima, mwembamba, koti limejaa vumbi la barabara na maganda ya vitunguu, anavuta kondoo mweupe kwa kamba. Alikuwa Simeoni, baba yake Damari. Aliwapita wastaafu kichwa kimeinama, akamwendea shemeji yake moja kwa moja, akaivua kofia.

"Shemeji," alisema, "sina la kusema. Nimekuja na kondoo kama desturi yetu inavyotaka. Aliyekukosea ametoka kwangu. Nakuomba radhi."

Kefa alitaka kuongea, Maryam akamkanyaga mguu. Jambo hili lilikuwa na mwenyewe wa kulisema.

Mzee Gasto alimtazama kondoo, akamtazama shemeji yake, akawatazama wazee aliowaita yeye mwenyewe. Alipangusa mikono kwenye suruali yake ya pasi, doa likabaki, hakujali.

"Simeoni, vaa kofia yako," alisema. "Na nyinyi wenzangu nisikilizeni, maana nyinyi ndio niliowaambia. Kule karakana fundi akikosea alisimama mwenyewe mbele ya zamu, akalitaja kosa lake kabla mwingine hajalitaja. Niliwafanya vijana wengi wasimame hivyo, na nyinyi mlikuwepo. Leo nasimama mimi. Bia hakuiba mtu. Bomba lilivuja kwa mkono wangu. Mafuta nilipaka mimi, mpira niliuharibu mimi, na mtoto wa dada yangu akawa anafuta uchafu wangu chini kila asubuhi ili nisiaibike. Nami nikamwita mwizi. Damari, nimekukosea. Hapa ni kwako, na atakayesema vinginevyo Utemini hii aje aseme nikiwepo."

Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa mkojo wa punda alisimama, akampa Gasto mkono, na wengine wakafuata. Gasto alikuwa amenyooka vilevile kama alivyokuwa getini asubuhi, nadhani hata zaidi.

Simeoni alikaa kwenye kiti alichopewa kama mtu aliyeshushwa gunia kichwani. Alicheka, akajifuta macho kwa kofia, akaivaa, akamshukuru Mungu, akamshukuru mama askari, akataka kumshukuru Kefa pia aliyekuwa na mdomo kwenye glasi. "Basi sawa!" alisema. "Sawa kabisa! Kondoo narudi naye, hata lori halijaondoka."

"Baba."

Damari alikuwa amefika mbele yake. Alipiga goti, akamwamkia, akanyanyuka.

"Baba, huyo kondoo ulimfunga kamba lini?"

"Jana asubuhi, mwanangu. Salamu zilipofika tu."

"Salamu zilipofika tu," Damari alirudia. "Kwa hiyo uliamini."

Simeoni akatafuta msaada kwa shemeji yake, shemeji akaangalia kwingine. Akamtafuta Sajenti, naye alikuwa anakunja gazeti lenye unga polepole sana.

"Nilipeleka jibu kwamba nakuja," baba alisema mwishowe. "Sikuuliza. Nilisikia tu jina lako na neno wizi, nikaenda zizini."

"Mjomba nimekaa naye mwaka mmoja tu, baba. Wewe umenilea."

Simeoni aliinuka kwenye kile kiti. Mzee kama yule, mbele ya mashemeji na askari, angeweza kukohoa tu akageuza mazungumzo, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alivua tena kofia aliyoambiwa avae. Alimshika binti yake mkono, akaufungua, akaweka kamba ndani, akaufunga kwa mikono yake miwili.

"Kondoo ni wa kuombea radhi," alisema. "Basi anayeombwa ni wewe. Damari, mwanangu, nisamehe."

Hapo ndipo Damari alipolia. Alilia kwa sauti, amesimama wima katikati ya ua ule wa watu wazima, kamba ameikaza kiganjani, na wala uso hakuufunika.